Saa iliyopita sifuri: uchambuzi wa mkeka wa Linkin Park pale Sinza

Ukurasa ninaouzungumzia uko mbele yangu, fotokopi niliyoitoa kwa mashine yangu mwenyewe. Ni wa daftari la fundi simu. Safu nne zimechorwa kwa rula: Jina, Aina ya simu, Tatizo, Bei. Mistari ya juu ni ya kazi halali. Kuna Tecno imeingia maji, Samsung haipeleki chaji, na Itel ya mtu aliyeandikwa "Mama Maandazi" bila jina jingine. Kisha, kwa kalamu ileile, inafuata mistari mitano ambayo haina simu. Kwenye Aina ya simu imeandikwa "Linkin Park" mara tano. Kwenye Tatizo imeandikwa "sauti" mara tano, na mbele ya kila sauti kuna neno moja au mawili. Kwenye Bei, 5,000 mara tano.

Ule ndio ulikuwa mkeka wetu: kila mmoja alibashiri sauti ya nani itasikika Linkin Park, bendi ya roki ya Marekani, ikirudi na wimbo, na ile 5,000 ni dau lake la mishkaki. Uliandikwa jioni ya Jumapili tarehe 25 Agosti 2024, kwenye kibanda cha Fundi pale Sinza, siku moja baada ya tovuti ya Linkin Park kuweka saa inayohesabu kurudi nyuma kuanzia saa 100. Nauchambua mstari kwa mstari kwa sababu moja tu. Kwenye haya mambo ya kubashiri singo, wimbo ukishatoka kila mtu hugeuka nabii: "Si nilisema mimi?" Safari hii kuna karatasi.

Kijiwe chetu ni cha watu watano. Yupo Fundi mwenyewe. Yupo Mwalimu, anafundisha hesabu sekondari, mtu mzima kuliko sisi wote, tunamwamkia shikamoo ndipo tumbishie. Yupo Dada Mwenge, anauza vinyago pale Mwenge. Kiingereza chake kimenyooka kuliko cha Mwalimu, jambo ambalo Mwalimu hajawahi kulikubali. Yupo Dogo, mwanafunzi wa chuo. Na mimi, ninayeuza daftari, kalamu na huduma ya fotokopi mlango wa pili. Asiyeijua Dar atauliza kwa nini watu wasiofanana hivi wakae pamoja. Jibu ni uchache. Huu ni mji wa Bongo Fleva na singeli. Harusini utasikia taarabu, na wazee wana Msondo na Sikinde zao. Shabiki wa roki akimpata mwenzake hamwachi, hata kama wanapishana miaka ishirini. Na si kwamba gitaa la roki ni geni hapa. Miaka ya 1970 Dar ilikuwa na bendi yake, Sunburst, iliyokwenda Zambia kurekodi albamu yao ya Ave Africa mwaka 1976. Mwalimu hutukumbusha hilo kila mtu akituita "wazungu".

Tuanze na tulichokuwa nacho mkononi siku ile, maana ubashiri haupimwi kwa jibu peke yake, hupimwa pia kwa ushahidi uliokuwepo.

Mwimbaji wao, Chester Bennington, alifariki tarehe 20 Julai 2017, miezi miwili tu baada ya albamu yao ya saba, One More Light. Oktoba 27 mwaka huohuo wenzake walimfanyia tamasha la kumuenzi Hollywood Bowl, Los Angeles, wakaalika waimbaji wengi, huyu akashika wimbo huu na yule akashika ule. Baada ya hapo bendi ikakaa kimya jukwaani. Mike Shinoda, mwenzake Chester kwenye kuimba, akatoa albamu yake binafsi mwaka 2018. Mwaka 2020 likaja toleo la miaka 20 ya Hybrid Theory, albamu yao ya kwanza. Februari 2023 ukatoka "Lost", wimbo uliobaki stoo tangu enzi za albamu ya Meteora. Februari 2024 ukatoka "Friendly Fire", nao ulibaki stoo, huu wa enzi za One More Light. Aprili 2024 wakatoa Papercuts, mkusanyiko wa nyimbo zao zilizovuma. Na mwaka huohuo ulikuwa umeshazagaa uvumi kwamba bendi inarudi, na kwamba atakayeimba ni mwanamke.

Basi. Mengine yote tuliyoyasema ile jioni yalikuwa nyama za ziada.

Mstari wa kwanza ni wa Mwalimu: "sauti: ya marehemu". Kwa ushahidi wa siku ile, huu ndio ulikuwa ubashiri bora kuliko yote, na ninasema hivyo nikijua ulikosa vibaya. Mwalimu alitumia alichokuwa nacho. Februari mbili mfululizo bendi imetoa wimbo wa stoo wenye sauti ya Chester. Ukiona namba mbili, alisema, na mpangilio unaonekana, ya tatu unaiandika bila kukuna kichwa. Kasoro yake ni kwamba aliacha kuitazama Papercuts. Dada Mwenge alimwambia palepale: "Mwalimu, shikamoo tena, lakini mtu akishatandaza mzigo wake wote wa zamani mlangoni, anasafisha stoo. Kuna kontena linakuja." Mwalimu akacheka, akasema biashara ya vinyago haina uhusiano na muziki. Ilikuwa nayo.

Mstari wa pili ni wangu, na nitaupita haraka kwa aibu. Niliandika "sauti: hakuna". Niliamini saa ile inahesabia toleo la maadhimisho, kwa kuwa albamu yao The Hunting Party ilikuwa imetimiza miaka kumi mwezi Juni. Hoja ilikuwa na miguu. Tatizo ni kwamba ilitoka moyoni kuliko kichwani. Sikutaka wimbo mpya. Nilitaka waniachie ya zamani kama ilivyo, na nikavaa hamu yangu nguo ya uchambuzi. Nimekuja kuona watu wengi hubashiri hivi, ila wachache hukubali.

Mstari wa tatu, Dogo: "sauti: wageni". Yeye aliitazama Hollywood Bowl ya 2017 akasema bendi itafanya kama ilivyofanya pale, kila wimbo na mtu wake. Dogo ndiye aliyekuwa na taarifa nyingi kuliko sisi wote. Ndiye aliyetueleza kwamba kabla ya kuitwa Linkin Park bendi iliitwa Hybrid Theory, na kabla ya hapo, mwaka 1996, iliitwa Xero, na mwimbaji hakuwa Chester bali Mark Wakefield. Chester aliletwa mwaka 1999. Yaani Chester mwenyewe aliingia kwenye nafasi ya mtu. Alitueleza hayo huku akila mihogo, kama hadithi ya kupoteza muda. Naomba msomaji aishike hiyo Xero, nitairudia.

Mstari wa nne, Fundi: "sauti: Mike". Hoja yake ilikuwa fupi kama risiti zake. Mwenye duka akifiwa na muuzaji anasimama kaunta mwenyewe. Mike anarapu, anaimba, ana albamu yake, mtu wa kutoka nje wa nini?

Mstari wa tano, Dada Mwenge: "sauti: mwanamke", na kwenye mabano akaongeza jina, Amy Lee wa bendi ya Evanescence. Fallen ya Evanescence na Meteora ya Linkin Park zilitoka mwezi mmoja, Machi 2003, na kwa watu wa rika lake sauti hizo mbili ziliingia masikioni pamoja, kwenye CD moja ya kuchoma iliyochanganya kila kitu. Alipoulizwa ana ushahidi gani wa jina hilo akasema, "Sina. Mwanamke nina ushahidi, jina nina hamu." Hakuna mtu mwingine kwenye ukurasa ule aliyetenganisha vitu hivyo viwili. Mimi nilivichanganya, Mwalimu alidhani hana hamu kabisa, na Fundi hakuona tofauti.

Mstari huu wa tano ulizua mjadala mrefu kuliko wimbo wenyewe. Fundi alikasirika, na si kwa sababu ya jinsia. Aliona ni kumkosea marehemu. "Mtu hajapoa kaburini mnamletea mrithi." Dada Mwenge alikuwa anahesabu chenji, hakuinua hata kichwa. "Kaka, amefariki 2017. Eda gani ya miaka saba? Hata wafiwa huanua matanga." Nilimtazama Mwalimu nikaona ameguswa. Kwetu msiba una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Watu hukaa matanga, kisha ipo siku mikeka hukunjwa, sufuria za kuazima hurudishwa, na jirani akipiga redio hakuna anayemtazama vibaya. Sisi mashabiki hatukuwahi kukunja. Hakuna aliyetuambia lini. Nadhani ndiyo maana kila mara bendi ilipogusa chombo tuliuliza swali moja tu: nani anakaa kwenye kiti chake?

Jumatano tarehe 28 saa ikafika sifuri.

Tulikuwa watatu mbele ya simu moja, na simu yenyewe ni ya mteja, tunamwombea Mungu asije. Tatu, mbili, moja. Sifuri. Tukangoja wimbo. Hakuna wimbo. Namba zikaanza kupanda. Sekunde moja, mbili, tatu, kwenda juu. Fundi aliburuza ukurasa kuufungua upya, akadhani ni mtandao. Ukafunguka, bado zinapanda. Dogo akasema wamedukuliwa. Mimi nikasema, mnaona, hakuna kitu, kiki tu, kama hawa wa kwetu wanaoigiza kuachana wiki moja kabla ya kudondosha ngoma.

Mwalimu alikuja baadaye, tukamweleza. Akavuta kalamu sikioni mwa Fundi, akachora mstari pembeni ya ukurasa wetu. Bado upo kwenye fotokopi. Ni mstari wa namba, kuanzia hasi tatu hadi chanya tatu, na sifuri katikati imezungushiwa duara. "Kidato cha kwanza hili huwasumbua," alisema. "Wanadhani sifuri ni mwisho. Sifuri ni pa kuanzia, unahesabu kutoka hapo." Kisha akarudisha kalamu na kuuliza kama kuna kahawa.

Tazama sasa. Jumapili Dogo alishasema Xero, jina ambalo ukilitamka ni "zero" tu, sifuri ya Kiingereza, iliyobadilishiwa herufi ya mbele. Jumatano Mwalimu amesema kuhesabu kutoka sifuri. Vipande viwili viko ndani ya kibanda kimoja cha mita mbili kwa mbili, juu ya meza moja, na kimoja kimechorwa kwa wino. Tarehe 5 Septemba bendi ilitangaza albamu iitwayo From Zero, yaani Kutoka Sifuri. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameviunganisha.

Hapa lazima nijizuie, maana ni rahisi kusema "tulikuwa na jibu". Hatukuwa nalo. Ukurasa huuhuu una mambo mengine tuliyoyaandika pembeni kwa uhakika uleule, yakawa upepo. Dogo alizidisha 100 kwa namba ya wanabendi akapata kitu alichodai ni tarehe. Kuna mshale unaokwenda kwenye neno "Johannesburg", kwa sababu bendi iliwahi kupiga Afrika Kusini Novemba 2012 na Dogo alishaanza kupiga hesabu ya nauli ya basi. Kama albamu ingeitwa kitu cha kuhusu mia moja, leo ningekuwa naandika juu ya ule uchawi wa Dogo, na mstari wa namba wa Mwalimu ungekuwa mchoro tu wa mwalimu aliyekosa kahawa. Dalili iliyosimama huonekana kubwa kwa sababu nyingine zimeanguka.

Hata hivyo, zile dalili mbili hazikuwa sawa na za Dogo. Za kwake alizitengeneza yeye kwa kuzidisha. Xero ni historia ya bendi, na saa ya kupanda ni kitendo cha bendi. Ningeulizwa leo namna ya kuchuja, ningeanzia hapo: kipi wamefanya wao, na kipi tumekipika sisi?

Mfano wa kupika ulitujia wiki ileile. Dogo alileta picha ya jalada la singo, alitumiwa na mtu aliyetumiwa na mtu. Picha ya kiza, jina la wimbo kwa herufi nyeupe. Kijiwe kikasisimka. Mimi kazi yangu ni kuchapa kadi za michango na mabango ya kipaimara, nikaiomba ile picha nikaikuza. Ukungu wa picha ulipita juu ya kila kitu isipokuwa herufi. Herufi zilikuwa safi kabisa, kingo kama zimekatwa kwa wembe, zimebandikwa juu baadaye. Jalada la kweli huhifadhiwa likiwa kitu kimoja, likichakaa linachakaa lote. Nilimwonyesha Dogo, akanyamaza, kisha akasema, "Lakini bro, jina la wimbo linaweza kuwa kweli." Nilimwelewa. Hata mimi nilitaka liwe kweli.

Baadaye ikatoka tarehe: 5 Septemba, saa tisa alasiri kwa saa za Los Angeles, saa kumi na mbili jioni kwa New York. Hapo ndipo kijiwe cha watu watano wenye akili zao kilipodhalilika.

Los Angeles wako nyuma yetu saa kumi wakati ule wa mwaka, New York saa saba. Ukijumlisha unapata saa saba usiku Dar, na hapo tarehe imeshageuka, ni 6, kuamkia Ijumaa. Dogo alijumlisha saa sawasawa akasahau tarehe. Akakesha usiku wa kuamkia tarehe 5, macho makavu mbele ya tovuti, asubuhi akaenda kwenye mtihani wa majaribio akiwa mzoga. Fundi aliweka ukumbusho kwenye simu, simu ikamwandikia 1:00, akaisoma kwa Kiswahili kama tunavyosoma sote, saa moja, akamtumia Mwalimu ujumbe: "saa moja". Mwalimu alifika Alhamisi saa moja jioni, amevaa fulana yake nyeusi ya zamani iliyombana tumboni, ana karanga mkononi. Hakukuwa na mtu ila kijana wa Fundi anayefagia. Kwa haki, saa moja ni saa moja. Aliyekosea ni simu.

Usiku wenyewe tulikuwa watatu kwenye geto la Fundi: yeye, Dogo aliyekuja kulipa deni la usingizi kwa kukopa zaidi, na mimi. Dada Mwenge alikuwa nyumbani kwake, tunawasiliana kwa ujumbe. Mwalimu alisema hakeshi mara mbili kwa ajili ya watoto wa Marekani. Feni ilikuwa inapiga kelele, tukaizima ili tusikie, tukaanza kutoka jasho. Bando lilikuwa la Dogo. Simu tuliiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga.

Picha ilikwama mara kadhaa, ikazunguka, ikarudi. Watu wapo, jukwaa lipo, mashabiki wa chama chao wamejaa. Wimbo ukaanza, mpya, hakuna aliyewahi kuusikia. Na anayeimba ni Mike.

Fundi aliruka. Simzulii, aliruka kitandani, kichwa chake nusura kiguse bati. "Mwenye duka! Mwenye duka kasimama kaunta!" Ubeti wa kwanza wote ni Mike. Kiitikio ni Mike. Fundi ameshaanza kuhesabu mishkaki. Mimi nikaandika ujumbe kwa Dada Mwenge: "Pole." Sijautuma bado, kidole kiko juu ya kitufe, ubeti wa pili ukaingia na sauti nyingine, ya mwanamke, kavu, yenye mikwaruzo, akitokea jukwaani kama mtu aliyekuwa amesimama pale muda wote. Emily Armstrong, wa bendi ya Dead Sara. Dogo alimtambua, mimi sikumjua. Fundi alikaa chini polepole. Yule dada alipopiga ukelele wa kwanza wa kweli, ule wa kutoka tumboni, Fundi alisema neno moja ambalo siwezi kuliandika, kisha akasema, "Anaweza."

Nilifuta "Pole". Ujumbe wa Dada Mwenge ulikuwa umeshafika: "Niwekeeni ya maini."

Ile ndiyo "The Emptiness Machine". Singo ikatoka usiku huohuo, na pamoja nayo taarifa: albamu From Zero tarehe 15 Novemba, mpiga dramu mpya Colin Brittain badala ya Rob Bourdon, maonyesho sita kuanzia Los Angeles tarehe 11 Septemba, kisha New York, Hamburg, London, Seoul na Bogotá. Johannesburg haikuwemo. Dogo alisoma orodha mara mbili.

Sasa tugawe mishkaki. Ijumaa jioni tulikaa na ukurasa, na kila mmoja akaja na "si nilisema". Mwalimu alidai alisema sifuri. Kweli alisema, lakini mstari wake unasomeka "ya marehemu". Dogo alidai alimtaja Armstrong wiki iliyopita, tukageuza ukurasa huku na huku, hayupo. Mimi sikudai kitu. Ubishi wa kweli ulibaki kati ya Fundi na Dada Mwenge, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Fundi: wimbo umeanza na Mike, ubeti na kiitikio, hata mtu akiuzima katikati amesikia Mike peke yake. Dada: swali lilikuwa nani anakuja, na aliyekuja ni mwanamke. Fundi: umeandika Amy Lee. Dada: Amy Lee nimemweka kwenye mabano, na mabano, Mwalimu hapo atakuambia, hufanyiwa kazi yake.

Mwalimu alitoa maksi za njia. Fundi nusu, Dada Mwenge nusu na robo. Nadhani alikosea kidogo kwa Dada, alistahili zaidi. Fundi alipata nusu yake kwa sababu Mike hakuondoka, jambo ambalo halikuwa ubashiri mkubwa. Dada alipata yake kwa kutembea kinyume cha matamanio ya kijiwe kizima.

Lakini nilipoutazama ukurasa tena usiku, nikaona kosa lililo kubwa kuliko yetu sote watano, nalo liko kwenye lile neno Fundi alilolirudia: sauti. Kwa Kiswahili sauti ni sauti, ikiwa moja na zikiwa mbili, neno halibadiliki. Hakuna aliyeuliza ni ngapi. Tulilisoma kwa umoja, tukapigana juu ya kiti kimoja. Na bendi hii haikuwahi kuwa ya sauti moja. Tangu Hybrid Theory mwaka 2000 kila aliyeipenda aliipenda kwa zile mbili, mmoja anasema na mwingine anapasuka. Singo ile imepangwa hivyohivyo: Mike anafungua mlango, Armstrong anaingia. Kama swali letu lingekuwa "sauti zipi", Fundi na Dada Mwenge wangekuwa upande mmoja tangu Jumapili, na jibu lao wawili likiunganishwa lilikuwa sahihi kabisa. Msiba ulitufanya tuhesabu moja. Tulikuwa tunamtazama aliyeondoka, hatukuwatazama waliobaki.

Mishkaki ililiwa Jumamosi, maini yakiwemo. Tarehe 24 Septemba ulipotoka "Heavy Is the Crown" hakuna aliyetaka kuandika chochote. Tulikaa tukasikiliza.

Ukurasa nilikwenda kuutoa fotokopi wiki ile ya kwanza, na nikachelewa kidogo kuupata kwa sababu daftari lilikuwa limeshikwa na kijana wa Fundi. Alikuwa na boksi la simu zilizokaa muda mrefu, ameshazipanga zote mezani, amezigeuza moja moja akisoma mgongoni. Akamwita Fundi kwa sauti ya mtu aliyeanza kuogopa.

"Bosi, hizi Linkin Park tano, tatizo sauti, mbona hata moja siioni? Wenyewe wakija?"

Fundi hakuinua macho kwenye pasi ya kuchomelea. "Zimepona. Andika zimechukuliwa."

Kijana akaandika. Iko kwenye fotokopi, mwandiko wa mtoto wa shule, mara tano.